Upinde Chini ya Rangi

Walimwita Bawaba kwa sababu kicheko chake kilikwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Hakuchukia. Alikuwa fundi wa vitasa na makomeo ya majumba ya zamani, na kwa kazi hiyo alikuwa mbishi hasa: akiona skrubu ya kichwa cha nyota kwenye kitasa cha enzi za mababu, huguna, huing'oa, hutia ya mfereji mmoja. Shaba haigusi kwa msasa. Kitambaa na nta, basi.

Mlango uliomtoa jasho ulikuwa wa shangazi yake. Ulifunguliwa kwa kirungu cha shaba cha kuzungusha, cha mviringo, laini kama yai, na baridi yabisi ilikuwa imevikunja vidole vya shangazi. Juzi alikwama ndani tangu asubuhi hadi adhuhuri, na binti yake akaja juu: ikitokea tena, mama, unahamia kwangu.

"Nitilie mkono wa kubonyeza, niufungue hata kwa kiwiko," shangazi alisema.

"Nyumba imeandikishwa kuwa urithi wa kale, shangazi. Mkaguzi wa majumba ya kale anataka vitu vya enzi ya nyumba tu."

"Na mimi je, ni wa jana? Mbona hanihifadhi?"

Bawaba akacheka, kisha akakifungua kirungu angalau akipake mafuta. Rangi ikabanduka pamoja na bamba la kirungu. Chini yake mbao ilikuwa na mchubuko mwembamba, umejipinda kama mwezi mchanga. Akaupitisha kidole mara mbili. Akampigia mkaguzi.

Mkaguzi alikuja na miwani miwili, akapiga magoti.

"Kirungu huzunguka papo hapo," Bawaba akamwambia. "Hakiwezi kuchora upinde. Huu umechorwa na ncha ya mkono wa kubonyeza, ukishuka na kupanda miaka na miaka. Kirungu ndicho mgeni hapa."

Mkaguzi akabadilisha miwani. Akapima.

"Haya, fundi, tia mkono. Lakini uwe wa shaba, wa zamani kweli. Usiniletee wa dukani."

Siku tatu Bawaba alipekua vyuma chakavu, akaupata mkono mmoja, umepinda kidogo, akautia mlangoni, ncha yake ikiuangukia ule upinde sawasawa.

Shangazi akaubonyeza kwa kiwiko. Akatoka. Akarudi. Akatoka tena, na huko barazani akampigia binti yake simu.

"Kile chumba ulichonitengea," alisema, "anikieni nguo humo."