Tulivyojaza Mapengo, Mimi na Ndahani

Siku yangu ya kwanza kazini nilikosea neno la kwanza nililoulizwa, na aliyenisahihisha alikuwa Elia Ndahani. Nalisema hili mapema, ninyi walimu vijana mlioniomba nieleze kazi yetu ilivyokuwa enzi za Mjerumani, msije mkadhani mzee anasimulia kwa moyo mweupe. Mzee ana kijicho. Alikuwa nacho akiwa kijana wa kanzu moja, na hakikumtoka alipoota mvi.

Kituo chetu kilikuwa cha wamisionari wa Kiingereza, upande wa Mpwapwa, katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani. Serikali ilitaka watoto wafundishwe kwa Kiswahili, nasi tuliwafundisha Kiswahili kama ilivyoamriwa. Kiingereza kilikuwa cha chumba cha nyuma, kwa sisi walimu wasaidizi peke yetu. Padre Mkuu alikuwa akitafsiri vitabu vyake vya dini, na alihitaji watu wa kumwambia kama neno limekaa sawa au limekaa upande. Aliyetunoa kwa kazi hiyo ni Bibi Mkuu wa Shule, mama mwembamba mwenye kofia ya majani, aliyekuwa akiingia darasani na kutuamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" kwa sauti kubwa kuliko wazee wetu wenyewe.

Njia yake ilikuwa moja tu, mapengo. Aliandika ubaoni sentensi ya Kiingereza na kuacha nafasi wazi katikati au mwishoni. Chini yake aliweka maneno matatu au manne ya kuchagulia. Hukuruhusiwa kuyatazama maneno hayo kwanza. Ulisoma sentensi mpaka mwisho, ukajiuliza inadai nini, ndipo ukashuka chini kutafuta. "Msomaji mvivu huanzia kwenye maneno," alikuwa akisema, "kama mtu anayenunua jembe kabla ya kuliona shamba."

Ubao wenyewe ulikuwa mbao za sanduku zilizopakwa masizi, na chaki tulitengeneza kwa chokaa. Kwa kuwa chaki ilikuwa adimu, kilitumika kipande kimoja kwa watu wote, na kipande hicho kilikuwa na sheria yake. Mwenzako akikosea neno, husemi kitu. Unasimama, unaitwaa chaki mkononi mwake, unafuta kwa mkono wa kanzu yako, unaandika neno lililo sahihi. Naye lazima aiachie chaki bila ubishi na akakae. Bibi Mkuu hakutaka kuona neno baya likikaa ubaoni hata kwa muda wa kumeza mate. Alisema pengo lililojazwa vibaya ni aibu ya chumba kizima.

Basi siku hiyo ya kwanza sentensi ilihusu mvua. Ilisema kwamba mtu fulani hakwenda sokoni kwa sababu mvua ilikuwa nini. Mimi kwetu mvua ni kubwa au ni ndogo, nikaandika "big", nikageuka kutafuta sifa. Ndahani akainuka taratibu, kijana mrefu wa Kigogo kama mimi, mwana wa wafugaji kama mimi, akaitwaa chaki vidoleni mwangu na kuandika "heavy", yaani nzito.

"Mvua nzito?" nikauliza. "Nani ameibeba?"

"Waingereza wameibeba, Nasoni," akajibu Bibi Mkuu. "Kaa chini."

Chumba kizima kilicheka. Ndahani hakucheka, na hilo ndilo lililonichoma. Angecheka ningemchukia nikamaliza. Yeye alinirudishia kitambaa changu kilichoanguka, kwa adabu, kama anayemhudumia mgeni.

Tangu siku hiyo nilikosea mara nyingi, na chaki iliondoka mkononi mwangu mara nyingi, na karibu kila mara ilikwenda mkononi mwake. Mimi nilikuwa nikijifunza maneno kwa jasho. Nikitoka kuchota maji nilikuwa nikiyataja, nikila ugali na mlenda nilikuwa nikiyataja, mpaka mama akauliza kama nimerogwa. Ndahani alisoma sentensi mara moja, akafumba macho kidogo, akaandika. Kujua ni kitu kimoja, vijana wangu. Kusikia ladha ya neno ni kingine, na hiyo aligawiwa yeye. Wanasema mwenye wivu ajinyonge. Mimi sikujinyonga, nilibaki hai ili nimwone akikosea japo mara moja.

Ikafika siku Padre Mkuu alipotaka msaidizi wa kwanza. Huyo ndiye angekaa naye mezani kila asubuhi, vitabu viwili wazi mbele yao, na kuulizwa, "Hapa neno gani?" Ndiye angesafiri naye kama mkalimani, na kuvaa viatu. Sikutaka viatu, Mungu ni shahidi. Nilitaka kuulizwa. Nilitaka mtu mwenye elimu yote ile anyamaze katikati ya sentensi yake na kunitazama mimi.

Padre Mkuu alituita mmoja mmoja, akatusomea sentensi zenye mapengo. Mimi nilitoka nikiwa na matumaini. Jioni akatangaza mbele ya wote.

"Ndahani atakaa nami. Nasoni ana bidii sana. Atakwenda Zuzu."

Bidii! Mtu akikosa kipaji husifiwa bidii.

Huko Zuzu nilipewa shule ya tawi, yaani shule ndogo iliyo mbali na kituo, ndani ya tembe moja lenye paa la udongo ambalo mbuzi walipenda kupanda juu. Reli ilikuwa imeshafika, na watoto walikuwa wakikimbia nje kila garimoshi lilipopiga honi. Baadaye nikahamishiwa Gulwe, nako nikafundisha alfabeti na kuimbisha. Nilifanya kazi vizuri. Jumbe wa pale alinisifu, na hata msaidizi wa Bwana Shauri, yule Mjerumani mwamuzi wa kesi kwenye boma, alipopita kukagua aliandika kwamba shule ni safi. Lakini kila mwezi tulirudi kituoni kwa mazoezi ya mapengo, na kila mwezi nilimkuta Ndahani akitoka chumbani kwa Padre Mkuu huku wino ukiwa umemkauka vidoleni. Nilikuwa nikivitazama vile vidole kuliko nilivyomtazama yeye.

Siku moja akaniambia, "Nasoni, padre ameuliza habari zako."

"Ameuliza neno gani?"

"Ameuliza kama hujambo."

"Mwambie sijambo," nikasema. Nilikwenda zangu Gulwe nikiwa nimenuna njia nzima.

Kisha vita vikaanza, Mwingereza na Mjerumani. Padre Mkuu na Bibi Mkuu walichukuliwa chini ya ulinzi, nasi walimu wote wasaidizi tukaitwa kituoni. Tulikuta askari wamejaa uani. Ofisa mmoja wa Kijerumani alikuwa ameketi kwenye kiti cha Bibi Mkuu, na shaushi wake, mkubwa wa askari, amesimama pembeni na kamba begani. Habari zilikuwa zimetutangulia njiani. Ilisemwa kwamba mwalimu anayejua Kiingereza atahesabiwa kuwa mpelelezi wa adui na atapelekwa kifungoni Tabora. Kila mmoja wetu alijua jambo hilo. Na mimi nililijua, vizuri kabisa.

"Nani anajua Kiingereza?" ofisa akauliza kwa Kiswahili chake cha kambini.

Hakuna aliyeinua mkono.

"Wote hapana kujua? Vizuri. Tutaona."

Akaagiza ubao uletwe kutoka chumba cha nyuma, pamoja na kipande cha chaki. Bila shaka mtu alikuwa amemweleza jinsi tulivyosoma. Akaandika mwenyewe kwa Kiingereza, polepole, kwamba mtu anayetunza kondoo huitwa nini, akaacha pengo, na chini yake akaweka maneno matatu: "carpenter", "tailor" na "shepherd". Kwa Kiswahili ni seremala, mshonaji na mchungaji. Lilikuwa swali la mtoto. Halafu akamnyooshea kidole Ndahani, kwa kuwa ndiye aliyevaa viatu.

Ndahani alikuwa amesimama kando yangu. Kabla ya kwenda akanikanyaga mguu, kwa nguvu. Nilidhani ameanza mambo yake, hata leo ananikanyaga. Akaenda ubaoni. Akasoma kama mtu asiyejua kusoma, kidole kikitambaa chini ya herufi. Akafumba macho kidogo, kama kawaida yake. Kisha akaandika "carpenter".

Seremala! Mtu aliyezaliwa zizini, aliyekunywa maziwa kabla hajajua jina lake, ameandika kwamba anayetunza kondoo ni seremala.

Mniamini msiniamini, sikumwona tena ofisa. Sikuona kamba ya shaushi. Niliona neno baya limekaa ubaoni, mbele ya chumba kizima, na aliyeliweka hapo ni Ndahani. Moyo wangu ulijaa furaha ambayo sikuipata hata siku nilipooa. Miaka yote ile nilikuwa nimengoja, na sasa pengo lilikuwa wazi, langu. Miguu ikaenda yenyewe. Nikamfikia, nikashika chaki.

Hakuiachia.

Sheria ilikuwa aiachie, lakini aling'ang'ania, akinitazama machoni, na kichwa chake kikatikisika kidogo sana. Nilikiona kile kichwa. Nikasema moyoni, ona kiburi cha huyu mtu, amezoea kuchukua, hajui kutoa. Nikaukunjua mkono wake kidole kimoja kimoja, nikaichomoa chaki, nikafuta kwa mkono wa kanzu yangu, nikaandika "shepherd" kwa mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuuandika.

Nilipogeuka, ofisa alikuwa anatabasamu.

"Mwalimu mzuri," akasema. Shaushi akaishusha kamba begani.

Waliofuata wote waliandika seremala au mshonaji. Kituo kizima hakikuwa na mtu anayejua Kiingereza ila mimi.

Ya Tabora sitayaeleza sana, maana mliniomba habari za kazi. Tulibeba mizigo na kuvunja mawe, tukalala na njaa, na baadhi ya walimu wa vituo vingine niliofungwa nao hawakurudi kwao. Mimi nilirudi, baada ya Wajerumani kushindwa, miguu imevimba na meno mengine yamebaki huko. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Ulikwenda kifungoni kwa ajili ya chaki?"

"Kwa ajili ya neno," nikasema.

"Hukuwa unalijua tangu zamani?"

"Nilikuwa nalijua."

"Basi ungebaki nalo," akasema, akaenda kunikorogea uji.

Waingereza walipoanza kutawala, Bwana wa boma la Dodoma alitafuta mkalimani. Mngedhani wangemchukua mtu aliyefungwa kwa sababu ya lugha yao. Tulikwenda wawili, mimi na Ndahani. Kwangu Kiingereza kilikuwa kimekauka kwa kukaa muda ule wote bila kukitamka, na yeye alikuwa amekitunza kimyakimya nyumbani kwake, akijisomea. Bwana alizungumza nasi kidogo tu, akampa kazi Ndahani. Mimi nikarudi kufundisha, Zuzu tena, baadaye shule za mjini, mpaka mikono ilipoanza kutetemeka nikastaafu. Nimefundisha mapengo maisha yangu yote. Wanafunzi wangu wengine leo ni makarani na mapadre. Kitu kimoja sikuwafundisha kamwe, ile sheria ya kunyang'anyana chaki. Kwangu mtoto akikosea huachwa alitazame kosa lake mwenyewe, na wenzake hukaa chini.

Ndahani alipozeeka alibaki Dodoma, si mbali na hapa Chang'ombe ninapokaa. Aliugua kifua. Nilikwenda kumjulia hali, maana adabu ni adabu. Nilimkuta ameketi juu ya ngozi ya ng'ombe uani, amefunikwa blanketi. Tulizungumza habari za mvua na wajukuu. Kisha akasema ghafla:

"Nasoni, unajua tangu siku ile sijaandika neno la Kiingereza bila kukufikiria? Nilikuwa mkalimani mkubwa, wazungu walinisikiliza. Lakini mbele ya yule ofisa mimi niliandika uongo kwa sababu ya woga, na wewe ukaja ukaandika kweli. Nimekuonea wivu miaka yote hii."

Ningeweza kumwambia kwamba haukuwa ushujaa, kwamba sikuwa na wazo lolote la kweli wala uongo. Lakini kilichonipanda kilikuwa hasira. Alikuwa amechukua kiti cha Padre Mkuu, akachukua boma, na sasa mtu huyu, anayekohoa juu ya ngozi, anataka kuchukua hata wivu.

"Huo ni wangu, Elia," nikamwambia. "Huo uniachie."

Akacheka mpaka akakohoa, akanishika mkono, na safari hii sikuukunjua.

Alikufa kabla ya mvua kunyesha. Wakati wa maziko walinipa nafasi ya kusema machache, nikasimama, nikasema alikuwa mwalimu mwenzangu, halafu nikakosa neno. Watu walidhani ni uchungu, na kweli ulikuwa uchungu, lakini pia nilikuwa nimegeuka kumtafuta aliyezoea kunyanyuka na kunisahihisha. Hakunyanyuka mtu. Kazi ya ualimu nilistaafu kwa hiari yangu. Kazi ya kumwonea wivu Ndahani nimestaafishwa, na mpaka leo sijui asubuhi niamkie nini.