Jeraha Lililoitwa Dogo

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, miaka ile ya Ujamaa, nikiwa msimamizi wa ghala la ushirika hapa Kariakoo. Nilikuwa binti mwenye ulimi mkali, na ukali huo nikiuona sifa. Lundo la magunia ya mahindi lilituporomokea mimi na Hassani, mpakiaji wetu, tukagongwa kichwani wote wawili. Hatukuzimia. Tuliona nyota tu, tukachekana.

Zahanati tulipimwa na matabibu wawili tofauti. Wangu aliandika kwenye cheti "mtikisiko wa ubongo". Wa Hassani aliandika "jeraha dogo la ubongo". Neno mtikisiko likanitisha, nikajilaza nyumbani siku mbili. Yeye nilimwambia aendelee na kazi, maana lake si dogo?

Siku ya tatu niliporudi nikamkuta amekaa chini, amejishika kichwa.

"Dada, kichwa kinagonga, na mwanga unaniumiza macho."

"Mwenye mtikisiko nimesimama, wewe mwenye jeraha dogo umekaa! Acha ukupe!"

Enzi zile kuitwa kupe, mtu anayenyonya jasho la wenzake, tena mbele ya watu, lilikuwa tusi zito. Hassani akanyanyuka, akajitwika gunia, akapanda ubao wa lori. Hajafika juu akayumba, akaanguka, kichwa kikapiga chini mara ya pili.

Hospitali nilimkuta Bi Mwajuma, muuguzi mzee aliyekuwa jirani yetu. Nikajitetea kwamba cheti kilisema dogo.

"Umesoma herufi, hukusoma maana," akaniambia. "Mtikisiko na jeraha dogo la ubongo ni mtoto mmoja, tabibu huyu anamwita kwa jina la nyumbani, yule kwa jina la shule. Mliumia sawa. Dogo maana yake alipopimwa alikuwa macho, anajibu maswali. Nani kakwambia maana yake haumwi?"

Hassani alikaa miezi mingi bila kazi, na kumbukumbu yake haikurudi yote. Nilipokwenda kumwomba radhi kwa lile neno, alinitazama kwa upole, akauliza, "Neno gani, dada?" Nililia palepale, na mpaka leo linaniuma.

Basi mwanangu, mwenzako akigongwa kichwa, usimpime kwa jina lililoandikwa. Apumzike siku moja mbili, kazi airudie taratibu, na asikae tena pa kugongwa mpaka daktari aridhike. Akitapika tena na tena, akichanganyikiwa, akisinzia asiamshike, au maumivu yakizidi, kimbia naye hospitali hata kama cheti kinasema dogo. Na anayekwambia anaumwa, mwamini, kwani kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilijua kunguni wa kitanda kilekile, na bado nikamtukana.

Mungu akuhifadhie kichwa chako, mwanangu, na ulimi wako auhifadhi zaidi.