Blanketi Juu ya Amplifaya

Kila dereva mgeni akifika kibandani pa mama, anapotengeneza redio za magari hapa Garissa, huuliza fundi yuko wapi, naye humnyooshea mkono apewe ufunguo. Abdilatif, aliyetoka Griftu na Probox yake, aliuliza mara mbili. Mama akasogeza mswaki upande wa pili wa kinywa na kungoja, mkono palepale, vidole vyekundu kwa hina na ncha zimebabuka kwa lehemu. Hakuwasha redio. Alipapasa kwanza kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayempima mtoto homa, mpaka chini ya kiti, akakuta amplifaya imefungwa blanketi na inachoma kama birika.

“Naikinga na vumbi, eeddo,” Abdilatif alisema, akimwita shangazi kwa heshima. “Lakini nikifika Habaswein besi inakata.”

“Wewe ukifungwa blanketi kwa hii jua, utaimba?”

Akalitoa, akalikunja, akalikalia. Kisha akafungulia sauti yote, maana bila kuipiga kwa muda mrefu hawezi kujua kama itakata tena. Mabati ya kibanda yakatetemeka. Ng'ambo, kwenye hoteli ya chai, mzee mmoja akasimama na kuuliza kama mwanamke huyu hana haya. Abdilatif akaona aibu, akanyoosha mkono apunguze. Mama akauzaba kofi ule mkono.

“Acha,” akasema, kwa sauti ya kufika hotelini. “Huyo mzee mwenyewe, amplifaya ya gari yake aliniambia nifunge kubwa kuliko hii.”