Simba wa Runyenjes

Nilikuwa kwenye kaunta ya saiba moja, duka la kompyuta na uchapaji, hapa Runyenjes, nikingoja kutoa kopi ya kitambulisho, mzee aliyekuwa mbele yangu alipokabidhiwa programu ya mazishi ya mkewe, kile kijitabu cha ratiba na wasifu wa marehemu. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi yetu.

"Nisomee na Kiswahili, msichana wangu," akamwomba mchapaji.

Msichana akasoma kwa fahari. Marehemu alikuwa simba jike. Alikuwa nguzo. Machozi ya familia yamejaza mto.

Mzee akainua mkono. "Simba? Huyu alikuwa anaogopa hata jogoo ya jirani."

"Ni tamathali, mzee. Kizungu cha mazishi huwa hivyo."

"Na mahali nilisema alikuwa anachuma kahawa akiimba?"

"Hiyo nilitoa. Ukurasa ulikuwa umejaa."

Mzee akavua kofia. Akaweka kidole kwenye picha, kisha kwenye maandishi, kisha akarudi kwenye picha. "Picha ni yake," akasema polepole. "Lakini huyu umeandika hapa, mimi sijawahi kuishi na yeye. Kesho tunazika nani?"

Msichana akanigeukia mimi, anayenijua kama mwandishi wa magazeti, nimsaidie. Nikamnyooshea kitambulisho changu atoe kopi.

Nilipofika nyumbani nilitoa kabatini programu ya mazishi ya mama yangu, niliyoiandika mwenyewe kwa Kiingereza changu chote. Nikamkuta simba, nikaikuta nguzo, na mto umejaa machozi. Nimeisoma mara tatu. Mama bado sijamwona.