Chai ya Moto Nje ya Ngome ya Wafalme

Waingereza wanaipenda damu, mradi iwe ya zamani. Hilo nililijua Jumapili moja mwishoni mwa miaka ya sitini, nikiwa binti wa shule, siku Baba alipotupeleka kuona ngome kongwe ya wafalme kando ya Mto Thames. Tulikuwa Wahindi wa Mombasa wenye pasi za Kiingereza, tumepanga chumba kimoja mtaa wa Tooting. Baba, aliyekuwa karani bandarini, alikuwa na ugonjwa wa majengo ya kale. Kwetu hakuna ukuta wa Ngome ya Yesu ambao hakutusimamisha chini yake juani.

Mama hakutaka kwenda. Kijana mmoja alikuwa amemtemea mate ndani ya basi, na tangu hapo hakuvuka mlango wa nje. Kiingereza hakujua hata cha kuombea maji. Baba akambembeleza Jumamosi nzima. "Mji ukishaujua haukutishi," alisema. Mwishowe Mama akafunga kachori kwenye karatasi, akajaza chupa ya chai ya tangawizi iliyotokota, maana sisi hatuendi mahali bila chai.

Ndani ya ngome, mwongozaji mwenye joho alituonyesha uwanja walipokatiwa watu vichwa. Alisimulia shoka lilivyokuwa butu, na shingo iliyobidi irudiwe. Watalii walicheka, wakapiga picha. Baba alimtafsiria Mama kwa sauti ya chini.

"Na hawa ndio waliokuja kutufunza ustaarabu," Mama akasema.

Kuta zenyewe zilikuwa nzuri, sitakuwa mnafiki. Mawe yalikuwa manene na meupe, na madirisha membamba ya kutupia mishale. Baba aliweka kiganja ukutani kama mtu anayempima mtoto homa, akatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu tushuke kwenye ndege.

Nje ya lango walikaa vijana walionyoa vichwa, wamevaa mabuti mazito. Mmoja akauvuta mtandio wa Mama mpaka ukamtoka. Baba akasema, kwa Kiingereza chake cha ofisini, "Tafadhali, kijana." Alipigwa ngumi kabla hajafunga mdomo. Alipoanguka walimpiga mateke ya mbavu, kisha ya uso, na niliona jino lake likiruka juu ya mawe. Watalii walewale waliocheka ndani walisimama kando wakitazama. Damu hii ilikuwa bado mbichi.

Mama akafungua kizibo. Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba, uso hawakuutaja. Yule aliyeuvuta mtandio alipiga ukelele, akajishika macho, akaanguka magoti, na wenzake wakatimka wakamwacha hapo. Sikumhurumia, na hata leo simhurumii.

Askari alipofika hakuuliza nani amempiga Baba. Aliuliza nani amemwaga chai. Baba, damu ikimtiririka kidevuni, akajigusa kifua, akasema ni yeye. Mama hakuhitaji mkalimani kuielewa ishara ile. Alinishika bega.

"Mwambie ni mimi nilomwagia," akasema. "Tena mwambie chupa ina chai bado."

Askari akaniinamia. "Mama yako anasema nini?"

Mmoja wao alikuwa anakwenda kulala rumande, na mimi ndiye niliyetakiwa kuchagua. Nilimfikiria Mama peke yake miongoni mwa watu wale, hana neno hata moja la kujitetea.

"Anasema mumewe ameumia," nikajibu. "Anaomba daktari."

Askari na mwenzake wakamwinua Baba. Mama akamfuata mpaka kwenye gari, akanyoosha mikono miwili pamoja ili afungwe pingu. Askari akampita kama anayepita nguzo, akafunga mlango, gari likaondoka. Mama alibaki na mikono yake hewani.

Baba alirudi kesho yake bila kushtakiwa, mdomo umeshonwa, akajilaza akaugeukia ukuta. Mama akaniuliza nilimwambia nini askari. Nikamweleza, nikidhani atanikumbatia. Nilimwokoa, na ningerudishwa pale ningesema vilevile.

Alinizaba kofi nikayumba mpaka kitandani.

"Tangu nifike nchi hii nimenyamaza," akasema. "Siku nilosema, wewe ukaninyamazisha."