Sheria ya Birika

Wendell Rautio aliendesha lori la kusukuma theluji la wilaya mpaka akastaafu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akisema anaona baridi. Alipostaafu, badala ya kukaa karibu na jiko kama wazee wenye akili zao, akaanza kwenda kulala msituni mwezi wa pili, ndani ya machela iliyofungwa kati ya miti miwili, chini yake theluji ya kufika magotini. Na kwa kuwa wendawazimu wa namna hii huambukiza, akapata wafuasi. Sasa ni kikundi kizima, na kila mwaka kabla ya safari hukutana kwa mazoezi uani kwa Gail Stenberg, dereva wa basi la shule.

Mazoezi yana sheria moja, na aliyeitunga ni Wendell mwenyewe. Birika la maji hubandikwa kwenye jiko la pale uani. Kabla halijapiga mluzi, uwe umefunga machela, blanketi la chini na turubai la juu, peke yako. Ukishindwa, unajaribu mara moja tena; ukishindwa tena, huendi. Huko porini giza huingia mapema, na asiyeweza kujitandikia ni mzigo kwa wenzake, hata awe mtu mzuri namna gani. Gail mwenyewe alishindwa mara zote mbili mwaka wake wa kwanza. Alikwenda kulia ndani ya gari lake, na Wendell hakulegeza hata kidogo.

Wenzake wengi walifunga machela zao kwa bizimu, kama zile za mkanda: unavuta, inakaza, basi. Wendell hakutaka hata kuziona. Yeye alitumia fundo alilofundishwa na baba yake, na aliwasumbua wenzake kwa ajili ya fundo hilo mpaka wakachoka.

"Vifungo vya suruali hivyo," alikuwa akiwaambia. "Siku vikiganda mtalala chini na sungura."

Mwaka huu vidole vikagoma. Baridi yabisi ilimwingia viungoni tangu majani yalipoanza kupukutika, naye hakumwambia mtu. Bernice, mkewe, alimkuta jikoni amefunga kamba kwenye mguu wa kiti, jasho linamtoka.

"Wendell, unakifunga hicho kiti ili kisiende wapi?"

"Najikumbusha tu."

"Tangu asubuhi unajikumbusha. Hebu nione mikono."

"Mikono ina nini? Mikono mizima."

"Mizima! Juzi nani alikufungulia chupa ya jemu?"

"Chupa ile ilikuwa mbovu."

 Bernice alikwenda mjini, akanunua bizimu mbili, akazishona mwenyewe kwenye mikanda ya machela ya mumewe kwa uzi wa kushonea viatu, kisha akamwekea mezani kando ya kahawa.

"Ukizitaka, hizo hapo. Usipozitaka, nitabaki na mume nyumbani siku zote hizo za safari, na kwa kweli sijui nitamfanyia nini."

Wendell aliichukua ile mikanda akaitupa kwenye kasha la kuni. Msimwone mkorofi. Baridi hakuiogopa, wala kubaki nyumbani hakukumtisha sana. Kilichomtisha ni kwenda na kugeuzwa kikongwe: watu wamfungie kamba, wambebee mzigo, wamwambie pole kila anapoinama. Hilo asingelistahimili, bora abaki.

Jumamosi ya mazoezi aliamka mapema akajaribu fundo kwa mara ya mwisho. Vidole vilikuwa vimevimba, havikumsikia. Akainama kwenye kasha la kuni, akaitoa mikanda, akaikung'uta magome, akaitia mfukoni. Bernice aliona yote, akaendelea kukaanga mayai.

Uani kwa Gail wenzake walikuwa wamekwisha kufika, wanapiga kelele, wanakula mikate ya nyama na viazi na kuchekana. Curtis, kijana wa kiwanda cha mbao, ndiyo kwanza alikuwa amemaliza, na turubai lake limekaa upande.

"Hilo ni paa au kofia ya mlevi?" Gail alimwuliza, na watu wakaangua kicheko.

Ikafika zamu ya Wendell. Gail akabandika birika. Mzee akavua glavu, akazungusha mkanda kwenye mti wa kwanza, akavuta. Bizimu ikalia taki. Watu wakaacha kutafuna. Akaenda mti wa pili, taki. Akatundika blanketi la chini, lile la manyoya linaloning'inia mgongoni mwa machela, maana baridi ya msituni hupandia chini. Akatandaza turubai. Birika lilikuwa bado halijalia.

"Vizuri sana, Wendell," mmoja akasema kwa sauti ya hospitali.

"Mzee, mimi nitakubebea begi mpaka ziwani tutakakolala," akasema Curtis. "Wala usijali."

Ndilo hilo Wendell alilokuwa akiliogopa. Basi ndiyo hivi. Alianza kukusanya glavu zake.

"Nadhani mwaka huu mtangulie tu," alisema. "Nina kazi nyumbani."

Hapo Gail akaingiza mkono kati ya machela na blanketi la chini, akaupitisha huku na huku.

"Kazi gani? Ya kushikilia suruali? Si ulituambia hivi ni vifungo vya suruali, babu?"

Mtu mmoja akakohoa kuzuia kicheko, akashindwa. Ua mzima ukalipuka.

"Halafu hapa pana nafasi, mkono wangu wote unapita," Gail akaendelea. "Ukilala hivi, asubuhi tutakung'oa matako kwa shoka. Hujafunga, Wendell. Umeshindwa. Unataka kwenda au hutaki?"

"Nataka," alisema, na macho yalimwuma kwa furaha.

"Basi fungua vyote. Anza upya."

Gail akamwaga maji ya birika, akachota theluji kwa mikono miwili, akaijaza humo, akabandika tena. Wendell alimtazama. Theluji hukawia kuchemka, na hapo uani hakuna asiyelijua hilo.

"Gail."

"Nini?"

"Tia maji. Mimi mwaka ule sikukutilia theluji."

Gail akamwaga theluji, akaenda ndani kuchota maji.

Birika lilipopiga mluzi, Wendell alikuwa amekwisha kulala ndani ya machela, buti zake zimesimama nje, anauliza mbona chai yake inachelewa.