Vidonge Alivyoacha Bariki

Saa moja na nusu asubuhi, Mlima Meru bado umefunikwa na ukungu. Dk. Anande Akyoo anavaa koti jeupe, anafungua kabati la chuma lililotiwa joto na unyevu kama wa stoo ya zahanati wakati wa masika, kisha anatoa kidonge kimoja cheupe. Anakitumbukiza kwenye chombo cha kioo chenye maji ya uvuguvugu na kuinama kukitazama.

"Shikamoo Daktari," anasema Lesian, mwanafunzi wake wa shahada ya uzamili, akiingia maabara.

"Marahaba. Njoo uone, kimeanza kuachia."

Kuachia ni neno lao la kazini. Maana yake kidonge kinayeyuka na kuitoa dawa iliyomo. Mhadhiri huyu wa chuo kikuu kimoja jijini Arusha, mwenye umri wa miaka 45, ametumia miaka kumi na moja akitafuta namna ya kutengeneza kidonge cha kifafa ambacho unyevu hautakiharibu.

"Watu wanadhani dawa mbovu utaijua kwa kuiangalia," anasema. "Hii haibadiliki rangi, wala hainuki. Inavuta unyevu, chembe zake zinajipanga upya, kidonge kinakuwa kigumu kama kokoto. Mgonjwa anameza, kinapita tumboni, na bado anaanguka."

Kazi hiyo aliichagua kwa sababu ya mdogo wake, Bariki.

Walikulia Nkoaranga, kwenye shamba la kahawa na migomba. Bariki alianguka kifafa mara ya kwanza akiwa darasa la kwanza, na wenzake wakaacha kukaa naye wakiamini povu lake linaambukiza.

"Njia za kwetu ni za mteremko," anakumbuka Dk. Anande. "Nilikuwa natembea mbele yake wakati wa kushuka, ili akianguka aniangukie mimi."

Alipopata ufadhili wa kusoma nje ya nchi, Bariki alibaki na mama yao kulima. Aliporudi na shahada ya uzamivu na kuanza utafiti wake, swali la mdogo wake kila walipokutana lilikuwa moja: "Dada, kidonge chetu kimefikia wapi?"

Kidonge cha kwanza kilishindwa. Baada ya miezi kadhaa kabatini kilikuwa kigumu kuliko vile vya dukani.

"Niliona aibu kumwambia. Yeye akaniambia, 'Anza tena, mimi sina haraka.'"

Aprili mwaka jana, baada ya mvua kubwa, Bariki alitoka peke yake kwenda kuzibua mfereji ulioziba kwa majani. Kifafa kilimshika akiwa ameinama. Maji yalikuwa ya magotini. Alikuwa na umri wa miaka 39.

Jioni ya mazishi, mama yao, Bi Hanna, alimwita Dk. Anande jikoni na kumkabidhi kopo lenye vidonge vya Bariki vilivyobaki.

"Akaniuliza, 'Mwanangu, ni mimi?' Sikumwelewa. Akasema, 'Nilikuwa naviweka hapo juu ya jiko, penye mvuke. Si wewe uliyesema dawa hizi hazitaki mvuke?'"

Dk. Anande alilichukua kopo, akalifungia kwenye droo ya ofisini. Mashine ya kupima alikuwa nayo, mlango wa pili tu, lakini alikaa miezi mitano bila kulifungua.

"Vikiwa vibovu, mama angeishi na jambo hilo mpaka kaburini. Vikiwa vizima, basi kazi yangu yote isingemsaidia kitu Bariki."

Kilichomsukuma ni mama. Alikuwa amekonda, na jiko lile alikuwa ameacha kabisa kulitumia. Septemba, Dk. Anande alimpa Lesian vile vidonge, akamweleza ni vya nani na kumwomba avipime.

Lesian alimfuata kwenye ngazi za jengo. "Daktari, vyote vimeachia," alimwambia. "Ni vizima."

"Nililia hapohapo," anasema. "Nilifurahi kwa ajili ya mama. Halafu nikajiuliza, sasa miaka yote hii nilikuwa namtengenezea nani?"

Siku hiyohiyo alipanda Nkoaranga. Bi Hanna, mwenye umri wa miaka 72, anaikumbuka vizuri.

"Nilikuwa namenya ndizi. Akaniambia, 'Mama, dawa zilikuwa nzima. Si wewe.' Nikamuuliza kama ana uhakika, akasema zimepimwa. Usiku ule nililala. Nilikuwa sijalala vizuri tangu tumzike." Anajifunika kitenge vizuri mabegani. "Lakini nilimtazama usoni, nikaona mzigo wangu ameubeba yeye."

Kwa nini Bariki alianguka siku ile, Dk. Anande hajui. "Kifafa wakati mwingine humwangusha hata aliyemeza dawa nzima. Maabara yangu haina jibu la hilo."

Hakuacha kazi, ingawa anakiri kwamba muhula mzima alifundisha tu bila kugusa utafiti. Kidonge alichotoa kabatini asubuhi hii ni kimoja kati ya vya mchanganyiko mpya, ambavyo sasa vina miezi tisa bila kugeuka vigumu. Vikifikisha mwaka, ataomba kibali cha kuvijaribu kwa watu watakaojitolea.

Mpango wake wa karibu zaidi hauhusu dawa. Kahawa ikishavunwa, anataka kumleta mama yake maabara, mahali ambapo hajawahi kukanyaga.

"Msibani kuna watu waliuliza, dada yake alikuwa wapi siku zote. Nilikuwa hapa. Nataka mama apaone."

Bi Hanna amekubali kuja.

"Nimemwambia anitafutie kiti tu," anasema. "Nitakaa nimwangalie anavyofanya kazi."